Maswali ya wasomaji: Mayai ya samaki juu ya sushi yana lishe gani?

Barua zilizotufikia safari hii zimeelekea upande mmoja, nazo ni za watu wanaokula sushi (chakula cha Kijapani cha wali) iliyowekwa mayai ya samaki na wanaotaka kujua wanachokipata humo, na kama kuna la kuogopa. Tumezikusanya pamoja kwa sababu jibu la moja huangaza jingine.

SWALI: Mpendwa Mhariri, napenda sushi yenye mayai ya samaki, yale makubwa mekundu yanayopasuka mdomoni na yale madogo ya rangi ya chungwa. Rafiki yangu mmoja anasema hayo ni pambo tu lenye chumvi, mwingine anadai ni bora kuliko samaki mwenyewe. Yupi ana haki?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa wa kwanza naye hakukosea kuhusu chumvi. Yai la samaki ni akiba ambayo mama huacha ili kiumbe kipya kiishi kwayo mpaka kiweze kujitafutia chakula, na kwa hiyo ndani ya kitone kile kidogo kumejazwa protini kamili, mafuta ya kujengea ubongo na macho, na vitamini ambazo kiumbe huyo hatazipata kwingine kwa muda. Mlaji huikuta akiba hiyo ikiwa bado haijaguswa.

Tuanze na makubwa mekundu, yaani ikura, ambayo ni mayai ya salmoni yaliyotenganishwa na utando wake na kukolezwa kwa chumvi au kwa mchuzi wa soya. Majedwali ya vyakula ya Japani yanaonyesha kwamba gramu 100 za ikura zina takriban kilokalori 250, gramu 32 za protini na gramu 15 hivi za mafuta. Vitamini D hufikia mikrogramu 44, na vitamini B12 huzidi mikrogramu 45. Ili uone ukubwa wa tarakimu hizo, mtu mzima anahitaji mikrogramu 15 hivi za vitamini D kwa siku na mikrogramu 2.4 tu za B12.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie kidogo, kwa sababu makosa mengi katika mazungumzo ya lishe huzaliwa na ile gramu 100. Hakuna anayekula gramu 100 za ikura kwa mlo mmoja, isipokuwa aliyeagiza bakuli zima la wali lililofunikwa kwa mayai hayo. Sushi ya ikura kwa kawaida huwa ya mtindo wa gunkan, ambao inasimuliwa kuwa ulibuniwa mwaka 1941 katika mkahawa wa Kyubey, mtaa wa Ginza, jijini Tokyo: tonge la wali huzungushiwa ukanda wa mwani mkavu uliopanda juu kidogo ya wali, na mayai humiminwa ndani ya ukingo huo ili yasiteleze. Tonge moja hubeba wali wa gramu 20 hivi na ikura gramu 10 hadi 15. Tukichukua gramu 12, unapata karibu gramu 4 za protini, mikrogramu 5 za vitamini D, ambazo ni theluthi ya mahitaji ya siku, na B12 inayozidi mahitaji ya siku nzima maradufu. Yote hayo yamo katika tonge lenye kilokalori zisizozidi 60 au 65, ambazo nusu yake hutokana na wali. Ni vyakula vichache sana ninavyovijua ambavyo hutoa kiasi hicho katika tonge moja.

Lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mafuta ya omega-3. Ikura ina gramu 3 na zaidi za EPA na DHA, ambazo ni aina mbili za omega-3, kwa kila gramu 100, kiasi kwamba tonge moja hukupa miligramu 350 hadi 400. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya huhesabu miligramu 250 kwa siku kuwa zinamtosha mtu mzima. Tena sehemu kubwa ya omega-3 ya mayai ya samaki imefungwa ndani ya fosfolipidi, yaani mafuta ya aina ileile ambayo kuta za seli zetu zimejengwa nayo. Ongeza madini ya seleni, kirutubisho cha kolini na vitamini E, na ile rangi nyekundu yenyewe ambayo hutokana na astaksantini, kikinga-oksidi ambacho salmoni hukipata kwa kula vidudu vya baharini na kukihamishia kwenye mayai yake.

Sasa niseme kuhusu yale madogo, maana si sawa na makubwa. Tobiko ni mayai ya samaki warukao, wale wanaoitwa panzi wa baharini, na masago ni mayai ya kapelini, samaki mdogo wa bahari baridi za kaskazini. Hayo nayo yana protini na omega-3, lakini yanapofika mezani huwa yamekwisha kuchanganywa na chumvi, sukari, mchuzi wa soya na mara nyingi rangi. Aidha, katika sushi nyingi za kuviringisha hayo hupakwa nje ya wali kwa tabaka jembamba, hata ukiyakusanya yote ya kipande kimoja huenda yasijaze nusu ya kijiko cha chai. Huko rafiki yako wa kwanza ana haki: ni pambo, na lishe inayopatikana ni ndogo kama kiasi chenyewe. Ikiwa kipande hichohicho kimemiminiwa mayonezi, ambayo kijiko kikubwa kimoja tu hubeba karibu kilokalori 90, basi unachokula zaidi ni wali na mayonezi, na mayai yamekuja kusindikiza.

SWALI: Nina umri wa miaka 61, na vipimo vyangu vinaonyesha lehemu imepanda pamoja na shinikizo la damu. Mke wangu amenikataza mayai ya samaki kabisa kwa kuwa amesoma kwamba yanashinda hata yai la kuku kwa lehemu. Je, niache?

JIBU: Mzee wangu, alichokisoma mama ni kweli kwa uzito, lakini si kweli kwa tonge. Gramu 100 za ikura zina takriban miligramu 480 za lehemu, na kaviari, yaani mayai ya samaki aitwaye stajeni yaliyotiwa chumvi, huvuka miligramu 580. Hata hivyo lile tonge la gramu 12 tulilolipima hapo juu lina miligramu 58 hivi, ilhali yai moja kubwa la kuku lina karibu 186. Ina maana matonge matatu ya ikura bado hayajafikia yai moja la kuku.

Pia elewa kwamba lehemu iliyo katika damu haitoki moja kwa moja sahanini. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini, na kwa watu wengi kinacholichochea ini zaidi ni mafuta yaliyoshiba, kama yale ya nyama nono, siagi na vyakula vya kukaangwa, kuliko lehemu ya chakula chenyewe. Ndiyo maana miongozo ya lishe ya Marekani ya mwaka 2015 iliacha kutaja kile kikomo cha zamani cha miligramu 300 kwa siku, ingawa iliendelea kushauri kiasi. Mafuta ya mayai ya samaki mengi si yale yaliyoshiba, na omega-3 iliyomo husaidia kushusha trigliseridi, ambayo ni mafuta mengine yanayopimwa katika damu. Wapo hata hivyo watu ambao miili yao huitikia sana lehemu ya chakula, hasa wenye lehemu ya juu ya kurithi na baadhi ya wenye kisukari, na hao waongozwe na daktari anayewatibu, si na safu ya gazeti.

Kwa hali yako, ninachokihofia mimi zaidi ni chumvi. Mayai mabichi ya samaki, kabla hayajaguswa na mtengenezaji, yana sodiamu (madini yaliyomo katika chumvi) kidogo sana, miligramu 90 hivi kwa gramu 100. Yakishakuwa kaviari hufikia miligramu 1,500. Tofauti yote hiyo imetiwa na mkono wa binadamu, kwa ladha na kwa kuhifadhi. Ikura iko katikati, kwa miligramu 900 hivi, wakati tarako, ambayo ni mayai ya samaki aitwaye poloki yaliyotiwa chumvi, na mentaiko, ambayo ni hayohayo yaliyotiwa pilipili, huenda juu zaidi na kubeba gramu 4 hadi 5 na nusu za chumvi kwa kila gramu 100. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima.

Tukirudi kwenye tonge letu, mayai yake hukupa sodiamu miligramu 110 hivi, na wali wa sushi, ambao hukolezwa kwa siki, sukari na chumvi, huongeza nyingine. Lakini kijiko kimoja cha chai cha mchuzi wa soya kina karibu miligramu 300, na wengi huchovya mpaka wali unabadilika rangi. Kwa hiyo, mzee wangu, usiyaache mayai; acha kuyachovya. Ikura imekwisha kukolezwa na haihitaji mchuzi wa pili. Ukitaka ladha kali, tumia wasabi au tangawizi kidogo. Chagua matonge mawili au matatu ya ikura katika mlo, uache mentaiko, na siku hiyo vyakula vingine viwe na chumvi haba. Mwambie mama kwamba kwa mpango huo nafikiri mtaelewana.

SWALI: Nina ugonjwa wa jongo. Nimekatazwa dagaa, maini na figo, na nilipouliza kuhusu mayai ya samaki niliambiwa ni yaleyale, yamejaa purini. Ninayapenda mno. Hakuna njia?

JIBU: Ndugu, njia ipo, na imefichwa katika jambo ambalo hata baadhi ya watoa ushauri hawalizingatii. Purini hutokana kwa sehemu kubwa na viini vya seli, mahali palipohifadhiwa vinasaba. Chakula chenye seli nyingi ndogondogo zilizosongamana, kama maini na dagaa, huwa na viini vingi, na mwili ukivivunja hutoa asidi ya yuriki ambayo fuwele zake ndizo zinazokuumiza kwenye kidole gumba cha mguu.

Yai la samaki ambalo halijarutubishwa ni seli moja tu, likiwa kubwa au likiwa dogo. Punje moja ya ikura ina upana wa milimita 5 hadi 7, na ndani yake kuna kiini kimoja tu kilichozungukwa na akiba ya mafuta na protini. Gramu moja ya ikura ina punje chache tu, unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja au zaidi kidogo. Yai la poloki, kwa upande mwingine, lina upana wa milimita moja hivi au pungufu, na gramu moja ya tarako hubeba mamia na mamia ya mayai hayo, kila moja na kiini chake.

Vipimo vilivyofanywa Japani vinathibitisha hayo waziwazi. Gramu 100 za ikura zina purini chini ya miligramu 4, kiasi ambacho ni kama hakipo. Kazunoko, yale mayai ya heringi ya manjano yanayokatika kwa kishindo kidogo menoni na ambayo Wajapani huyala Mwaka Mpya, yana miligramu 22 hivi. Tarako hufika miligramu 120 na mentaiko 160. Mwongozo wa tiba ya jongo nchini Japani unashauri mgonjwa asizidishe miligramu 400 kwa siku, kwa hiyo utaona kwamba ikura haiwezi kukuharibia hesabu, na hata tarako kwa kiasi cha tonge moja si mzigo mkubwa.

Unachopaswa kukikwepa ni shirako, ambayo si mayai bali ni tezi za mbegu za samaki dume, nyeupe na laini, ambayo nayo huwekwa juu ya sushi. Hiyo huzidi miligramu 300 kwa gramu 100, na kuna samaki ambao yao huzidi sana hapo, kwa sababu mbegu za kiume ni viini vilivyovikwa nguo nyepesi tu. Anayekuambia kwamba vyote ni kitu kimoja amechanganya dume na jike. Chunga pia kinywaji: bia huongeza purini na wakati huohuo huzuia figo zisitoe asidi ya yuriki, kwa hiyo mgonjwa anayeilaumu sushi asubuhi inayofuata mara nyingi anapaswa kuilaumu glasi iliyokuwa kando yake.

SWALI: Nina ujauzito wa miezi minne. Baadhi ya watu wananiambia nisiguse samaki kwa sababu ya zebaki, wengine wananihimiza nile omega-3 kwa ajili ya ubongo wa mtoto. Sushi ya mayai ya samaki inafaa?

JIBU: Dada yetu, hongera, na swali lako lina mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni zebaki na vijidudu.

Kwa upande wa zebaki, mayai ya samaki ni miongoni mwa sehemu salama zaidi. Zebaki ya aina inayoogopwa hushikamana na protini za misuli, kwa hiyo hukaa zaidi katika mnofu kuliko katika mayai. Halafu samaki wenye mayai yanayotumika kwenye sushi, kama salmoni, kapelini na heringi, si wale wawindaji wakubwa wa miaka mingi, kama papa na samaki upanga, ambao hujilimbikizia zebaki kwa kula samaki wengine maisha yao yote. Waliokutisha kwa zebaki hawakupatia.

Vijidudu ni habari nyingine, na hapo nitakuwa mkali. Mayai ya sushi kwa kawaida hayapikwi. Yamekolezwa kwa chumvi na kuwekwa kwenye baridi, na bakteria wa listeria wana tabia mbaya mbili: huvumilia chumvi, na huendelea kuzaliana hata ndani ya jokofu. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi huleta homa ya kupita, lakini mjamzito hushambuliwa kwa urahisi zaidi, na wanaweza kuvuka kondo la nyuma na kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa akiwa mgonjwa sana. Kugandisha huua minyoo ya samaki ya anisakisi, ndiyo maana Marekani hutaka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au kwa nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15 baada ya kuganda. Listeria hafi kwa kugandishwa. Huenda chakula kikawa kimegandishwa kwa utaratibu wote na bado kikawa naye.

Kwa hiyo kipindi hiki nakushauri uache mayai mabichi, lakini usiache mayai ya samaki. Tarako hupikwa vizuri sana: huokwa au kukaangwa polepole mpaka katikati ibadilike kutoka uwekundu wa kung'aa na kuwa nyeupe yenye waridi hafifu, isiyo na umajimaji, na kipimajoto kikionyesha nyuzi 63 au zaidi umefika. Ukishapika, weka juu ya wali wa sushi ule papo hapo, huku ukikumbuka ile chumvi yake. Protini na kolini hubaki, na DHA na B12 hupungua kidogo tu kwa moto wa wastani. Kolini nakusisitizia kwa makusudi, kwa kuwa huzungumzwa kidogo mno: mjamzito anashauriwa miligramu 450 kwa siku, wengi hawazifikii, na mayai ya samaki yana zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100.

SWALI: Nimeona tobiko za kijani, nyeusi, nyekundu na manjano. Ipi ina lishe zaidi? Na je, ni kweli kwamba kuna mayai ya bandia?

JIBU: Rangi haiongezi lishe. Tobiko kwa asili ni ya manjano yenye wekundu hafifu, na nyingine zote hutiwa: kijani kwa wasabi, nyeusi kwa wino wa ngisi, nyekundu kwa viazisukari au rangi ya viwandani. Kinachokupasa kukitazama kwenye lebo ni kiasi cha sukari na sodiamu, pamoja na jina la samaki, kwa kuwa masago, ambayo ni ya bei ya chini na punje zake ni ndogo zaidi, huuzwa pengine kwa jina la tobiko. Ukiiweka mdomoni, tobiko hulia kidogo unapoitafuna, lakini masago ni laini na haitoi sauti hiyo.

Mayai ya bandia yapo kweli. Ikura ya bandia hutengenezwa kwa alijeneti, utomvu unaotolewa kwenye mwani, ambao hudondoshwa kitone baada ya kitone ili ugande na kuwa punje, na katikati hutiwa tone la mafuta ya mimea ili lifanane na lile jicho la mafuta linaloonekana ndani ya yai halisi. Macho hudanganyika kwa urahisi. Chukua punje moja uitumbukize kwenye maji ya moto sana. Ya kweli itaanza kupoteza uangavu na kuwa nyeupe kwa nje, kwa sababu protini yake inaiva. Ya bandia itabaki vilevile, angavu na nyekundu, kwa kuwa haina protini ya kuivishwa. Haina pia B12, vitamini D wala omega-3 ya baharini isipokuwa mtengenezaji awe ameiongeza. Si sumu, na kwa mwenye mzio wa mayai ya samaki au asiyekula viumbe inaweza kumfaa, lakini mnunuzi ana haki ya kujua analipia nini.

SWALI: Nina kisukari. Tatizo ni mayai au ni wali?

JIBU: Ni wali. Mayai ya samaki yana wanga kidogo mno, ila wali wa sushi ni mweupe, umebanwa, na umetiwa sukari. Siki hupunguza kidogo kasi ya kupanda kwa sukari katika damu, lakini haiifuti. Hesabu wali wako kwa matonge, ukijua kwamba matano ya gunkan ni kama gramu 100 za wali, anza mlo kwa supu ya miso isiyo na chumvi nyingi au mboga, na mayai mengine uyale juu ya vipande vya tango badala ya wali. Ladha haipotei hata kidogo.

SWALI: Mwanangu wa miaka mitatu alikula punje chache za ikura kutoka sahani yangu, na baada ya dakika kadhaa midomo ilivimba na ngozi ikatoka vipele. Nashangaa kwa sababu hula samaki wa salmoni na mayai ya kuku bila shida yoyote. Je, inaweza kuwa ni mayai ya samaki?

JIBU: Mama, inaweza, na maelezo yako yanalingana na mzio wa mayai ya samaki kwa namna ambayo sitaki uichukulie kwa wepesi. Mzio wa mnofu wa samaki husababishwa zaidi na protini iitwayo pavalbumini, ambayo hukaa katika misuli. Mzio wa ikura husababishwa na protini za akiba zilizo ndani ya yai, ambazo hutokana na vitelojenini, nazo hazimo katika mnofu. Ndiyo sababu mtoto anaweza kula salmoni kila juma asidhurike, kisha akadhurika kwa punje chache za mayai ya salmoni huyohuyo. Yai la kuku nalo ni jambo tofauti, na kuvumilia moja si dhamana ya kuvumilia jingine.

Nchini Japani, ambako watoto hukutana na ikura wakiwa wadogo, mzio huu unajulikana vizuri, na ikura imo katika orodha ya vyakula ambavyo watengenezaji wanashauriwa kuvitaja kwenye lebo kwa ajili ya wenye mzio. Mwenye mzio wa ikura huenda pia akaitikia mayai ya heringi au ya poloki, kwa hiyo msimpe ya aina yoyote kwa sasa, hata yaliyopikwa, kwa kuwa moto hauhakikishi kwamba protini hizo zitapoteza nguvu. Mnapokula sushi nje, mwelezeni mpishi mapema: kijiko na kisu kilichogusa ikura kinatosha kuhamishia punje kwenye sahani ya mtoto, na masago hujificha ndani ya michuzi ya mayonezi ambamo jicho haliioni upesi.

Mpeleke kwa daktari wa mzio afanyiwe kipimo cha damu au cha ngozi, ukieleza alichokula, kiasi chake, na dakika zilizopita kabla dalili hazijatokea. Wakati mwingine akipata tena uvimbe pamoja na kukohoa, kupumua kwa shida, kutapika mfululizo au kulegea, hiyo ni dharura, na apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dawa ya vipele ifanye kazi. Baadhi ya watoto huvuka mzio huu wanapokua, lakini usijaribu kulibaini hilo nyumbani kwa kumpa punje moja: jaribio la namna hiyo hufanywa hospitalini, mbele ya mtaalamu mwenye dawa ya adrenalini karibu.